Mifumo Inaposomana, Jina la Mwananchi Lisipotee Njiani

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, vijana kutoka pembe zote za nchi huketi mbele ya kompyuta na simu kujaza taarifa zao katika mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Kwa mwombaji, kazi hiyo ni mazungumzo baina yake na mfumo mmoja: ameandika jina la mtumiaji na nywila, amepokelewa, naye anaendelea kujaza. Hata hivyo, maombi hayo yanategemea taarifa ambazo Bodi si mtunzaji wake. Matokeo ya mitihani yanatunzwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na Namba ya Utambulisho wa Taifa inatolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Kila taasisi ina kanzidata yake, sheria yake na wajibu wake wa kulinda kile ilichokabidhiwa.

Mfano huu unafanana na huduma nyingine nyingi za umma zinazotolewa kwa njia ya mtandao, na ndani yake kuna swali ambalo mwananchi halioni kwenye skrini. Mtumiaji amejithibitisha katika mlango wa kwanza tu. Mfumo wa pili, unaoulizwa na mfumo wa kwanza, haujamwona wala haujapokea nywila yake. Unapofikiwa na ombi la taarifa za mtu fulani, mfumo huo unajuaje kwamba mtu huyo ndiye aliyeanzisha ombi, na si mtumishi mdadisi, au mhalifu aliyejipenyeza katika mfumo wa kwanza? Na miezi sita baadaye, mwananchi akilalamika kwamba taarifa zake zilisomwa bila sababu, kumbukumbu za mfumo zitataja jina la nani?

Makala haya yanachambua swali hilo, ambalo wataalamu wa TEHAMA hulijua kama suala la kupitisha uthibitisho wa mtumiaji kutoka programu ya wavuti kwenda huduma ya wavuti. Ni jambo la kiufundi, lakini matokeo yake ni ya kiutawala na ya kisheria. Mahali ambapo jina la aliyeomba halikusafiri pamoja na ombi lake, uwajibikaji huishia katika mlango wa kwanza.

Wakati wa kulijibu ni sasa

Agizo la mifumo ya Serikali kusomana limekuwa miongoni mwa maagizo yanayorudiwa mara kwa mara na viongozi wa kitaifa. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ilianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyochukua nafasi ya Wakala uliokuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2012, na Mamlaka hiyo imejenga mfumo wa kubadilishana taarifa miongoni mwa taasisi za umma unaojulikana kwa jina la GovESB. Shabaha ya jitihada hizo ni njema: mwananchi asizungushwe kutoka ofisi moja hadi nyingine akiwa na bahasha ya nakala za vyeti, wakati taarifa zote tayari ziko mikononi mwa Serikali yake.

Watanzania wengi waliliona jambo hili kwa macho yao wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza tarehe 1 Mei, 2019. Wakala wa kampuni ya simu, akiwa kibandani mtaani, alichukua alama ya kidole na kupokea jibu kutoka kanzidata ya NIDA. Katika utaratibu huo, mwenye taarifa alikuwepo kwa kidole chake, na uthibitisho wake ulifika hadi kwa mtunzaji wa taarifa. Huduma nyingi za mtandaoni hazina nafasi hiyo. Mwananchi yuko Tunduma au Tarime, mfumo anaoutumia uko kwingine, na taarifa zake ziko kwingine tena. Kinachosafiri kati ya sehemu hizo ni ujumbe wa kompyuta tu.

Wakati huohuo, uwanja wa sheria umebadilika. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeipa haki hiyo utaratibu wa utekelezaji, na tarehe 3 Aprili, 2024 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua rasmi Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria inataka taarifa zikusanywe na kuchakatwa kwa kusudi mahsusi na halali, na inampa mwenye taarifa haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje. Haki hiyo haiwezi kutekelezwa kwa ukamilifu ikiwa kumbukumbu za kanzidata zinaonesha tu kwamba "mfumo fulani" uliuliza.

Namba si uthibitisho

Kabla ya kuangalia njia zilizopo, ni vyema kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni utambulisho, yaani dai la mtu kwamba yeye ni fulani. La pili ni uthibitishaji, yaani ushahidi wa dai hilo. La tatu ni idhini, yaani mipaka ya kile anachoruhusiwa kufanya baada ya kuthibitishwa.

Kosa la kawaida katika mifumo iliyojengwa kwa haraka ni kuchukua la kwanza kana kwamba ni la pili. Mfumo wa kwanza hutuma ombi lenye namba ya mtu, na mfumo wa pili hujibu kwa sababu tu namba hiyo ipo. Lakini Namba ya Utambulisho wa Taifa, yenye tarakimu 20 ambazo 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa, haikukusudiwa kuwa siri. Imeandikwa kwenye kitambulisho na kwenye nakala zilizoachwa benki, shuleni, kwa waajiri na kwa mawakala wa simu. Mfumo unaotoa taarifa kwa kila anayeitaja namba utatoa taarifa kwa yeyote aliyewahi kushika nakala ya kitambulisho.

Njia mbili zenye kasoro

Njia ya kwanza ya kupitisha uthibitisho ni kuichukua nywila ya mtumiaji na kuipeleka mbele kama ilivyo. Njia hii ilikuwa ya kawaida katika miaka ya mwanzo ya huduma za intaneti, ambapo tovuti moja ilimwomba mtu nywila ya barua pepe yake ili imletee orodha ya marafiki zake. Hatari yake ni dhahiri. Aliyepewa nywila anaweza kufanya kila kitu ambacho mwenyewe anaweza kufanya, kwa muda usio na mwisho, na hakuna namna ya kumnyang'anya ruhusa hiyo isipokuwa kubadili nywila kila mahali. Tena kila mfumo unaoihifadhi nywila hiyo ni mahali pengine inapoweza kuibwa.

Njia ya pili ndiyo inayotumika zaidi, kwa sababu ni rahisi na ina kasi. Mfumo wa kwanza unapewa ufunguo wake wenyewe wa kuingilia mfumo wa pili. Mtumiaji anathibitishwa mlangoni, kisha maombi yote ya ndani yanakwenda kwa jina la mfumo. Mfumo wa pili unauamini mfumo wa kwanza moja kwa moja na hauulizi nani yuko nyuma yake. Utaratibu huu una nafasi yake halali, hasa kwa taarifa zisizomhusu mtu binafsi, kama vile orodha ya shule, viwango vya ada au majina ya kata.

Unapotumika kwa taarifa binafsi, unaleta matatizo mawili. Tatizo la kwanza ni ukubwa wa ufunguo. Ili uweze kumhudumia kila mwombaji, ufunguo huo lazima uweze kufungua taarifa za waombaji wote. Mhalifu akiuteka mfumo wa kwanza, huwa ameziteka taarifa za watu wote kwa mara moja. Tatizo la pili ni kwamba mfumo wenye mamlaka makubwa unaweza kutumiwa na mtu mwenye mamlaka madogo.

Tatizo hili la pili lina historia ndefu. Mwaka 1988 mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy alichapisha makala fupi kuhusu tukio lililotokea katika kampuni ya Tymshare ya Marekani. Programu moja ya kutafsiri msimbo iliruhusiwa kuandika katika eneo la mfumo ili itunze takwimu zake. Katika eneo hilohilo lilikuwepo faili la ankara za wateja. Mtumiaji mmoja alipoulizwa mahali pa kuhifadhi matokeo yake, akataja jina la faili la ankara. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo, lakini programu ilikuwa nayo. Ikaandika juu yake, na taarifa za ankara zikapotea. Programu haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa tu na mamlaka mawili, ya kwake na ya aliyeituma, bila namna ya kujua inatumia lipi kwa wakati gani.

Mfumo wowote wa umma unaotumia ufunguo mmoja kwa maombi ya watu wote uko katika hali hiyohiyo. Ikiwa mwombaji anaweza kubadili namba moja katika ombi lake na kuletewa taarifa za mwombaji mwingine, kanzidata iliyoko nyuma haitakuwa na sababu ya kukataa, kwa kuwa aliyeuliza, kwa macho yake, ni mfumo unaoaminika.

Barua ya utambulisho ya kidijitali

Njia ya tatu inafanana na utaratibu ambao kila Mtanzania anaufahamu. Mkazi anapotaka kufungua akaunti benki au kumdhamini ndugu yake, huenda kwa Mwenyekiti au Mtendaji wa Mtaa kuomba barua ya utambulisho. Barua hiyo haimpi benki ufunguo wa nyumba ya mkazi. Inasema mambo machache tu: anayehusika ni nani, anatambuliwa na ofisi gani, barua inakwenda kwa nani, kwa madhumuni gani, na iliandikwa tarehe ngapi. Chini yake kuna saini na muhuri. Benki haikumwona mkazi akijieleza kwa Mwenyekiti, lakini inauamini muhuri.

Katika mifumo ya kompyuta, barua hiyo huitwa tokeni. Mtumiaji akishajithibitisha, chombo chenye mamlaka ya uthibitishaji hutoa hati ndogo ya kidijitali inayotaja mtoaji, mhusika, mpokeaji aliyekusudiwa, mipaka ya ruhusa na muda wa kuisha, ambao mara nyingi ni dakika chache. Hati hiyo hutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa mtoaji, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi bila kulazimika kumpigia mtoaji kila mara. Nywila haisafiri, na ufunguo wa kufungua kila kitu haupo.

Wazo hili si geni. Mradi wa Kerberos wa chuo cha MIT nchini Marekani, katika miaka ya 1980, ulitumia tiketi za muda badala ya kupeleka nywila kwenye kila seva. Kiwango cha SAML 2.0 kiliidhinishwa mwaka 2005, OAuth 2.0 kikachapishwa Oktoba 2012, na muundo wa tokeni unaotumika sana leo, JWT, ukachapishwa kama kiwango mwaka 2015. Viwango hivi viko wazi, havina ada, na taasisi yoyote inaweza kuvitumia.

Hata hivyo, kuwa na tokeni peke yake hakutoshi. Mfumo wa pili ukiichukua tokeni ileile uliyopewa na kuipeleka kwenye mfumo wa tatu, kisha wa nne, barua iliyoandikiwa benki inakuwa imezungushwa mji mzima, na yeyote aliyeipokea anaweza kuitumia mahali pengine. Kampuni ya Microsoft ilipitia funzo hili. Mfumo wake wa Windows 2000 uliiruhusu seva iliyoaminiwa kumwakilisha mtumiaji mbele ya huduma yoyote. Toleo la mwaka 2003 likaweka mipaka, kwamba seva itamwakilisha mtumiaji kwa huduma zilizotajwa tu. Kwa upande wa wavuti, kiwango kilichochapishwa Januari 2020 kinaeleza namna mfumo unavyoweza kubadilisha tokeni iliyopokelewa na kupata nyingine iliyoelekezwa kwa mpokeaji mmoja, yenye ruhusa finyu zaidi, na inayotaja majina mawili: la mtu ambaye kazi inafanywa kwa niaba yake, na la mfumo unaoifanya.

Majina hayo mawili ndiyo msingi wa hoja ya makala haya. Ombi linalotaja mfumo pekee linamficha mtu. Ombi linalotaja mtu pekee linauficha mfumo uliouliza, na mwananchi anaweza kulaumiwa kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mafunzo kutoka nje

Mataifa na kampuni kubwa zimejifunza kwa gharama kwamba tokeni nayo hutegemea uangalifu wa anayeitoa na anayeipokea. Septemba 2018 kampuni ya Facebook ilitangaza kwamba wahalifu walikuwa wameiba tokeni za watumiaji wake. Chanzo kilikuwa ni kipengele kilichomwezesha mtu kuona ukurasa wake jinsi unavyoonekana kwa mwingine. Kwa hitilafu katika programu ya kupakia video, kipengele hicho kilitoa tokeni ya yule mwingine badala ya tokeni ya mtumiaji aliyekuwa akitazama. Awali kampuni ilitaja akaunti zinazokaribia milioni 50, na baadaye ikasema tokeni zilizoibwa zilikuwa za watu wapatao milioni 30. Hakuna nywila iliyovunjwa. Barua zilitiwa muhuri halali, zikiwa na jina lisilo sahihi.

Mwaka 2023 ikatokea hatari ya upande wa pili, ile ya muhuri wenyewe kuibwa. Wadukuzi waliupata ufunguo wa kutia saini wa Microsoft uliotengenezwa mwaka 2016 kwa ajili ya akaunti za watu binafsi. Wakautumia kughushi tokeni, na huduma ya barua pepe za taasisi ikazikubali, ingawa ufunguo huo haukukusudiwa kwa ajili yake. Bodi ya Marekani iliyochunguza tukio hilo ilieleza mwaka 2024 kwamba taasisi 22 na watu zaidi ya 500 waliathirika, na kwamba uvamizi huo ungeweza kuzuiwa. Jambo la kuzingatia ni namna ulivyogunduliwa. Wataalamu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliona, Juni 2023, katika kumbukumbu za kina za mfumo, kwamba barua pepe zilikuwa zikisomwa kwa namna isiyo ya kawaida. Bila kumbukumbu za kina, wizi huo ungeendelea kimya kimya.

Estonia inatoa funzo la tatu, na hili ni la kutia moyo. Nchi hiyo ndogo ya Ulaya ilianza kutumia mfumo wake wa kubadilishana taarifa za umma, X-Road, mwaka 2001, na Ufini ikaupokea baadaye. Katika mfumo huo, kila ujumbe hutiwa saini na taasisi inayouliza, huwekewa muhuri wa muda, na hutunzwa katika kumbukumbu. Kichwa cha ujumbe kina nafasi ya kutaja taasisi inayouliza, huduma inayoulizwa, na mtumiaji ambaye kitendo chake ndicho kilichoanzisha ombi. Kwa kuwa taarifa hizo zipo, raia wa Estonia anaweza kuingia katika tovuti ya Serikali na kuona ni taasisi zipi zilizoangalia taarifa zake katika rejesta kadhaa za umma. Haki ya kujua inakuwa kitu anachokitumia mwenyewe, bila kuandika barua.

Mazingira yetu yana mahitaji yake

Kuchukua viwango vya kimataifa bila kutazama hali halisi ya nchi hakutaleta matokeo yanayotarajiwa. Yapo mambo manne ya kuzingatia.

La kwanza ni steshenari. Vijana wengi hujaza maombi ya mkopo, ya vyuo na ya ajira katika vibanda vya steshenari, ambako mhudumu huwafungulia akaunti, huwachagulia nywila na wakati mwingine huiandika katika daftari lake. Mlango wa kwanza ukiwa umefunguliwa na mtu mwingine, tokeni zote zinazofuata zitakuwa na jina sahihi la mtu asiye sahihi. Kadiri akaunti moja inavyofungua huduma nyingi zaidi, ndivyo daftari la steshenari linavyozidi kuwa hatari. Kuwakataza wahudumu hao si suluhisho, kwa kuwa wanatoa msaada unaohitajika. Panapofaa, mifumo iwe na namna ya mwananchi kumpa msaidizi ruhusa ya muda, ya kazi moja, inayotaja majina yao wote wawili.

La pili ni mtumishi wa dirishani. Mwananchi asiye na simu ya kisasa atahudumiwa na ofisa wa halmashauri au wa kituo cha huduma. Katika hali hiyo, jina linalopaswa kusafiri hadi kwenye kanzidata ni la ofisa pamoja na la mwananchi anayehudumiwa. Ofisi ambayo watumishi watano wanatumia akaunti moja, yenye nywila iliyobandikwa pembeni mwa kompyuta, imevunja mnyororo wa uthibitisho hata kama mtandao wake unalindwa kwa teknolojia ya hali ya juu.

La tatu ni maombi yasiyo na mtu mbele yake. Zipo kazi zinazofanywa na mifumo yenyewe usiku, kama kuoanisha orodha za wanufaika au kuhuisha taarifa za vifo. Hapo hakuna mwananchi aliyebonyeza kitufe, na si sahihi kulitumia jina lake. Maombi ya aina hiyo yawe na ufunguo wake, ruhusa zake finyu na sababu ya kisheria iliyoandikwa, ili mkaguzi aweze kuyatofautisha na maombi ya watu.

La nne ni mifumo ya zamani. Baadhi ya kanzidata zilijengwa kabla ya viwango hivi kuenea, na haziwezi kusoma tokeni. Kuzibadilisha zote kwa pamoja ni gharama kubwa. Njia ya kati ni kuweka mbele yake lango linaloihakiki tokeni, kuandika majina yote mawili katika kumbukumbu, kisha kuipitishia kanzidata ombi lililochujwa. Hata jambo dogo kama saa za seva linahitaji usimamizi, kwa sababu tokeni ya dakika tano itakataliwa bila kosa lolote ikiwa saa ya mfumo mmoja iko nyuma kwa dakika sita.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa Maofisa Masuuli wa taasisi, hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Ni kuagiza orodha ya miunganiko yote ya mifumo ya taasisi, na kwa kila muunganiko kujibu maswali matatu: ombi linakwenda kwa jina la nani, ufunguo unaotumika unaweza kufungua taarifa za watu wangapi, na kumbukumbu zinatunza majina gani. Muunganiko unaogusa taarifa binafsi na unaotumia ufunguo mmoja kwa watu wote uwe wa kwanza kurekebishwa.

Kwa wanaoandaa hadidu za rejea na mikataba ya ujenzi wa mifumo, sharti la kupitisha uthibitisho wa mtumiaji liandikwe tangu mwanzo, pamoja na sharti kwamba mfumo unaopokea tokeni uhakiki saini, mtoaji, mpokeaji, muda na ruhusa, pasipo kuruka hata kimoja. Matukio ya mwaka 2018 na 2023 yameonesha kwamba jina moja lisilo sahihi, au hatua moja ya uhakiki iliyoachwa, inatosha. Mzabuni anaweza kukabidhi mfumo unaofanya kazi vizuri machoni pa watumiaji huku ukiwa umejengwa juu ya ufunguo mmoja. Kasoro hiyo haitaonekana siku ya uzinduzi.

Kwa wakaguzi wa ndani, jaribio ni rahisi. Wachague taarifa za mtu mmoja aliyeridhia, kisha waombe taasisi ioneshe kila mara zilipoangaliwa katika kipindi cha mwezi mmoja, na nani, kupitia mfumo gani na kwa sababu ipi. Ikiwa jibu ni jina la mfumo tu, kazi haijakamilika.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Nywila yake asimwachie mtu, na akishahudumiwa steshenari aibadilishe. Aifahamu pia haki aliyopewa na Sheria, ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje na kufikisha malalamiko yake kwa Tume.

Mifumo kusomana ni hatua kubwa katika utoaji wa huduma, na manufaa yake yanaonekana kwa kila aliyewahi kupoteza siku nzima akifuatilia uhakiki wa cheti kimoja. Imani ya wananchi kwa mifumo hiyo itadumu ikiwa kila taasisi inayoulizwa itaweza kumtaja, kwa ushahidi, mtu aliyeuliza. Uwezo huo hujengwa wakati mifumo inaunganishwa, kwa sababu jina ambalo halikuandikwa siku ya ombi halitapatikana siku ya malalamiko.